Rangi Ndani ya Ufa

Fundi alikiosha. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka. Aliniletea kipande cha chuma kilichovunjika, amekifunga vizuri kwenye gazeti, akakiweka mezani kwangu kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi zawadi ya harusi. Nilipofungua lile gazeti, chuma kilikuwa kinang'aa. Alikuwa amekisugua kwa brashi ya waya, akakisuuza kwa petroli, akakifuta kwa kitambaa. Pale palipovunjika, mahali pekee nilipopahitaji, palikuwa peupe pe.

"Nani alikwambia ukisafishe?" nilimuuliza.

"Sasa mama, nitakuleteaje uchafu ofisini?"

Alisema kwa upole kabisa, na kwa kweli alikuwa ananiheshimu. Ndiyo maana sikumrushia birika.

Kazi yangu ni kuchunguza vyuma vilivyovunjika. Nina vyumba viwili ghorofa ya pili, Mchafukoge, juu ya duka la vitambaa. Kimoja kina hadubini, taa na mashine ya kupima ugumu wa chuma. Kingine kina kabati la mafaili na vifaa vya chai. Watu huniletea ekseli, boliti, minyororo ya bandarini, wakitaka kujua kimekatika kwa sababu gani na alaumiwe nani. Hilo la pili ndilo wanalolitaka hasa. Sasa, pale chuma kinapokatika hubaki dalili. Kutu inakuonyesha kama ufa ni wa jana au wa miezi mingi. Vumbi na grisi vinakuonyesha ulianzia upande upi. Ukisugua, umefuta ushahidi wote kwa mkono wako mwenyewe, na hapa mjini kila mtu anasugua. Ni adabu. Ukienda duka la spea na kifaa chako kibovu ili uuziwe kinachofanana nacho, unakifuta kwanza, maana hutaki kumchafulia mwenye duka kaunta. Nimekulia ndani ya adabu hiyo. Baba yangu alitoka Kilimanjaro akaja kuuza springi na shokapu Kariakoo, na mteja aliyempakia grisi kwenye kaunta alikuwa anasikia maneno siku hiyo.

Chuma alichoniletea fundi kilikuwa nusu ya mkono wa chini wa gurudumu la mbele, ule unaoliunganisha gurudumu na fremu ya gari ili liweze kupanda na kushuka barabara inapokuwa mbaya. Ulitoka kwenye gari la majaribio. Kampuni moja ndogo ilikuwa imeunda magari manne ya umeme, madogo, membamba, ya kuhamisha mizigo kutoka maghalani mpaka madukani Kariakoo, kazi ambayo hadi leo inafanywa na mikokoteni na maguta. Wazo zuri, sikatai. Nilikuwa nayaona yakipita chini ya dirisha langu, meusi ti, yamepakwa rangi mpaka boliti. Halafu siku moja asubuhi, mojawapo likalala ubavu mtaa wa pili kutoka ofisini kwangu, likiwa na majora ya vitenge. Mkono wa kushoto ulikatika, gurudumu likajikunja chini ya gari, na dereva akavunjika mguu chini ya goti.

Mwenye kampuni, bosi wa fundi huyu, alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, msomi, anayejiita mkurugenzi. Barua yake ya kuniomba uchunguzi ninayo bado. Alitaka nichunguze "ili kuthibitisha kwamba dereva alizidisha mzigo na kupanda ukingo wa barabara". Kuthibitisha! Yaani hukumu ameshaiandika, amebakiza muhuri wangu tu. Na mtu anayehukumiwa alikuwa mzee wa miaka hamsini na nane, aliyebeba mizigo Kariakoo miaka thelathini, kwanza kwa guta, baadaye kwa kigari cha kirikuu, kabla ya kuajiriwa kuyajaribu hayo magari mapya. Barua ya kumlaumu ikitoka na jina langu nyuma yake, hakuna mwenye duka atakayempa usukani tena. Kariakoo habari ya namna hiyo inafika upande wa pili wa soko kabla mwenyewe hajavuka barabara.

Nilimgeukia fundi. "Nusu ya pili iko wapi?"

"Ile nilienda nayo kwenye maduka ya spea ya Gerezani kama sampuli, nitafute mwingine wa kufanana nao. Sikupata."

"Ukaiacha wapi?"

"Duka moja, mama. Nilizunguka maduka mengi, nikachoka, nikaiacha."

"Nayo uliiosha?"

"Ile hapana. Nilikuwa na haraka."

Sijawahi kufurahia uzembe wa mtu namna ile.

Kabla sijaenda kuitafuta, nilikwenda kumwona dereva. Alikuwa anakaa chumba kimoja, nyumba ya wapangaji wengi, uani kuna watu wanaopika na kufua. Nilimkuta amelala kitandani, mguu umefungwa hogo la plasta mpaka juu ya goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Injinia. Karibu. Samahani siwezi kunyanyuka."

Nilimuuliza ilikuwaje. Alisema alikuwa anakwenda taratibu. Kuna shimo pale karibu na mfuniko wa chemba, analijua, akalikwepa. Halafu akasikia ko! Gari likaenda chini.

"Wanasema nilipanda ukingo," akaongeza.

"Ulipanda?"

Alitazama dari. "Labda nilipanda."

Hilo "labda" lilinitia shaka, na nakiri hivyo bila kujitetea. Nimezoea watu wanaoficha. Mtu akisema labda, mimi huandika kwenye daftari langu kwamba anaficha. Nikaandika. Wakati naondoka akaniuliza akiitwa kikaoni na kampuni akasemeje. Nikamjibu, "Kuwa mpole, mzee. Usibishane nao." Katika ushauri wote niliowahi kumpa mtu, huo ndio wa kijinga kuliko wote.

Gerezani nilizunguka siku tatu. Maduka yale ni membamba, shokapu zinaning'inia darini, bushi zimejaa kwenye makopo ya maziwa, na kila muuzaji anakuita kabla hujafika kwake. "Dada mambo! Unatafuta nini? Ya mbele ya nyuma?" Nikiwaeleza kwamba natafuta nusu ya mkono uliovunjika, wananitazama kwa huruma. Mmoja akaniuliza kama sina nyumbani. Lakini nilikuwa najua kitu kimoja kutoka dukani kwa baba: sampuli ya mteja haitupwi. Mwenyewe anaweza kurudi, na akirudi akakuta umeitupa, umempoteza yeye na ndugu zake wote. Kwa hiyo kila duka lina boksi chini ya kaunta, limejaa vyuma vya watu ambao hawakurudi.

Siku ya tatu nikaingia duka la mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, anayeuza na mwanaye wa kiume. Walikuwa wameshawasha ubani mbele ya picha ya mungu wao, na mama amekaa kwenye kiti chake kirefu, miwani puani.

"Wewe si binti wa yule Mchaga wa springi?" aliniuliza kabla sijamaliza salamu.

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba yako alikuwa mkali bana. Unataka nini?"

Nilimweleza. Akaonyesha boksi kwa kidole cha mguu. "Tafuta mwenyewe. Usinichanganyie."

Nikakunja sketi, nikachuchumaa kati ya boljointi zisizo na wenyewe, mikono ikawa myeusi mpaka viwikoni. Ilikuwa chini kabisa. Niliitambua kwa rangi, ile nyeusi ti, na kwa pale ilipokatika. Nikamwomba mwanaye karatasi ya kufungia, naye kijana wa watu, mwenye malezi mema, akachukua tambara ili aifute kwanza.

"Usiguse!"

Nilipiga kelele mpaka mteja wa duka la jirani akachungulia. Mama akashusha miwani. "Kama baba yako vilevile," akasema.

Nilifunga mlango wa ofisi, nikawasha taa, nikaiweka ile nusu chini ya hadubini na uchafu wake wote. Sikuhitaji hata dakika tano. Kipande cha mwisho kukatika kilikuwa kidogo, upana wa ncha ya kidole, kinang'aa, chenye chembechembe kama sukari guru iliyomeguka. Hicho ndicho kilichokatika asubuhi ile. Sehemu nyingine yote ilikuwa na kutu ya kahawia, na mistari ya mviringo kila ufa ulipokuwa umesogea mbele kidogo, ukapumzika, ukasogea tena. Ufa huo ulikuwa wa miezi. Gari lilikuwa linatembea na mizigo ya watu likishikiliwa na chuma ambacho kilikuwa kimebaki kidogo tu.

Na mwanzo kabisa wa ufa, pembeni, kulikuwa na doa jeusi lenye umbo la mwezi mchanga. Nililikwaruza kwa sindano. Likabanduka. Ilikuwa rangi.

Niliinuka, nikatembea chumbani, nikarudi nikaangalia tena. Rangi ya juu ya chuma naielewa. Lakini hii ilikuwa ndani, kwenye kina cha chuma, mahali ambapo brashi haifiki. Iliingia humo ikiwa majimaji, kwa sababu ufa ulikuwa tayari upo siku gari linapakwa rangi. Na gari lilipakwa rangi kabla dereva hajaonyeshwa hata ufunguo wake.

Nilimwita fundi. Safari hii sikumpa hata nafasi ya kukaa.

"Huu mkono mliutoa wapi, na mliufanya nini?"

Akaniambia yote. Mikono ilikuwa ya mtumba kutoka Japani, mizuri, migumu. Ila ilikuwa mirefu kwa vidole viwili. Basi wakaipasha moto kwa gesi mpaka ikawa myekundu, wakaikunja ikaenea. Hiyo ndiyo kazi ya kila siku huku kwetu. Springi zinapashwa, chesisi zinapashwa, na mara nyingi mambo yanakwenda.

"Mkaiachia ipoe?"

Akakwaruza kisogo. "Mimi nilitaka ipoe yenyewe. Bosi akasema wageni wanakuja mchana kuangalia magari. Tukamwagia maji."

Mtu yeyote aliyewahi kumwagia maji chemli ya taa inayowaka anajua kinachotokea. Chuma kile si kioo, hakipasuki mbele ya macho yako. Kinapasuka kimyakimya, kwa ndani ya mkunjo, ufa mwembamba kuliko unywele, halafu unakuja na kopo la rangi unaupaka vizuri ili wageni wafurahi. Nilikasirika mpaka nikasahau kumpa fundi ruhusa ya kuondoka, naye akasimama palepale mlangoni kama mwanafunzi.

Kikao kiliitishwa wiki hiyohiyo, ofisini kwa kampuni. Tulikuwa watano: mkurugenzi, karani wake, fundi, dereva na mimi. Dereva alipanda ngazi zote kwa magongo. Hakuna aliyefikiria kukifanyia kikao chini. Kilifunguliwa kwa sala, na katika sala tukaombea amani na maelewano. Nikasema amina kama wengine.

Kabla sijafungua faili langu, mzee akaomba kusema. Akasimama, ikamchukua muda, akaegemea ukuta.

"Mimi nawaomba radhi wote," akasema. "Kwa usumbufu. Na kwa gari. Samahani sana."

Akakaa. Karani akaandika. Mkurugenzi akafumba macho kidogo, akaitikia kwa kichwa, uso wa mtu aliyeguswa.

"Ahsante, mzee. Huo ndio uungwana. Sasa nadhani hatuna haja ya kurefusha."

"Karani," nikasema, "hebu nisomee ulichoandika."

Karani akasoma: "Dereva amekiri kosa na kuomba radhi."

Sina hakika niliinuka lini. Najua tu kwamba nilikuwa nimesimama na sauti yangu ilikuwa inasikika mpaka chini barabarani. "Amekiri wapi? Amekiri kosa gani? Hapa mjini ukimkanyaga mtu sokoni, yeye ndiye anayekwambia samahani! Unachukua adabu ya mtu mzima unaiandika kama kosa?"

"Dada yangu," mkurugenzi akasema, "tusikuze mambo. Tutumie busara."

Nikafungua ile karatasi ya kufungia. Nikaiweka ile nusu ya mkono, na grisi yake na vumbi lake la Gerezani, juu ya karatasi zake nyeupe.

"Hii rangi nyeusi ni yenu?"

"Magari yetu yote tunapaka hiyo."

"Mlipaka kabla ya kumkabidhi mzee gari au baada?"

"Kabla, kwani vipi?"

"Angalia hapa. Nje naelewa. Ndani iliingiaje?"

Nilimpa lenzi. Aliinama, akaangalia. Ni kijana mwenye akili, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana nilimwona akielewa. Masikio yake yalibadilika rangi. Akarudisha lenzi polepole, akafuta vidole vyake.

Fundi akakohoa kwenye kona. "Bosi, mimi nilikwambia tuiache ipoe."

Hakuna aliyemtuma. Angeweza kunyamaza, akalinda kibarua chake. Toka siku hiyo nilimsamehe brashi yake ya waya.

"Sawa," mkurugenzi akasema. "Tuyamalize kiutu uzima. Tuandike kwamba sababu zilikuwa nyingi. Chuma, barabara, na dereva naye kidogo."

Dereva naye kidogo! Ndivyo tunavyomaliza mambo katika nchi hii. Kosa linakatwa vipande kama keki ya harusi, kila mtu apewe chake, ili mwenye kosa lote asione aibu peke yake. Na tunaita hiyo busara.

"Kidogo kipi?" nikamuuliza. "Nipimie. Nina mashine ofisini inapima mpaka unene wa unywele. Nipe hicho kidogo chake nikakipime."

Nikamwambia taarifa yangu itatoka kama ilivyo, na magari matatu yaliyobaki yaingizwe ndani siku hiyohiyo. Yakaingizwa. Mikono yake niliikagua mwenyewe, nimelala chini kwenye turubai, na miwili kati yake ilikuwa na ufa mahali palepale, na rangi ndani. Karani akaikata ile sentensi kwa rula na kalamu nyekundu, na barua dhidi ya dereva haikuandikwa.

Kwenye kikao chenyewe mzee hakusema neno tena. Nilidhani amechoka. Kwa hiyo siku mbili baadaye nikaenda kwake kumpa nakala ya taarifa, na ile nusu ya mkono nikaichukua aione kwa macho yake. Nilikuwa najisikia vizuri, nisidanganye. Nilikuwa nimeshinda.

Nikamweleza taratibu, nikimwonyesha kwa ncha ya kalamu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akakwaruza ile rangi kwa ukucha wa kidole gumba.

"Kwa hiyo siyo mimi?"

"Siyo wewe, mzee. Si nilisema kikaoni?"

"Nilisikia. Nilidhani unanitetea tu." Akanirudishia chuma. "Mimi nakumbuka nilipanda ukingo, Injinia."

"Hukupanda."

"Watu wa kampuni wamenijia hospitali, wamenijia hapa, kila mara wanasema ulipanda, mzee, ulipanda. Nikaanza kuukumbuka. Mpaka namna gari lilivyonyanyuka, nakumbuka."

Walikuwa wamemvunja mguu, kisha wakaingia na kichwani wakampangia kumbukumbu. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli hiihii, nikaandika kwenye daftari kwamba anaficha.

Akamwita mkewe aliyekuwa uani. Akaingia mama mfupi, kanga kiunoni, mikono ina pumba za mchele. Nilimsalimu, akaitikia. Mzee akasema, "Injinia, rudia mbele yake. Nilimwambia ni mimi."

Nikarudia. Nilitegemea machozi, au hata kigelegele. Yule mama alimtazama mumewe, na alikuwa amekasirika kuliko nilivyokasirika mimi kwa kipindi chote kile.

"Wiki sita nakwambia si wewe," akasema. "Wiki sita! Unageukia ukutani. Miaka yote naishi na wewe sikutosha kuaminika. Kimekuja chuma ndiyo umeamini."

"Mama watoto..."

"Kila jioni hukuwa unarudi hapa unasema gurudumu la kushoto linagonga? Hukumwambia yule kijana? Mara mbili! Akakwambia gari jipya, litazoea."

Mzee aliinamisha kichwa. "Hilo niliona ni kulalamika," akasema.

Mkewe akanigeukia mimi. Sauti yake ikashuka, na ndipo ikawa kali kweli.

"Na wewe, mwanangu. Siku ile ya kwanza ulivyokuja na daftari lako, mimi nilikuwa hapo mlangoni napeta mchele. Ulinipita. Mbona hukuniuliza?"